Shikamoo Zisubiri Moto Uzimike

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi katika ukumbi wa jumuiya, City Heights, San Diego, mbele ya watu ishirini na kitu waliokuwa wametoka tu kufaulu mtihani wa leseni ya redio za ridhaa, redio za watu wa kawaida wanaowasiliana hewani bila malipo. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimeondoa tu pale nilipokatizwa na mtoto aliyekuwa akichezea maikrofoni.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada, hamjambo wote. Ndugu zetu wa Kongo, jambo sana. Habari za tangu juzi? Za nyumbani? Watoto wazima? Kazi zinaendaje?

Mmeona nimesalimia kirefu. Nimefanya makusudi. Leo nimeitwa niwaeleze adabu ya mahali ambapo salamu kama hizi hazina nafasi, na kwa watu kama sisi hilo ni gumu kuliko maswali yote 35 ya mtihani wenu. Mmepata 26 na zaidi, mna leseni ya miaka kumi, hongereni. Lakini mtihani ule ulitaka kujua mawimbi yanakwendaje na antena iwe na urefu gani. Habari ya dharura uliigusa kwa maswali machache, basi. Haukuwauliza mtafanya nini siku upepo wa Santa Ana unavuma kutoka jangwani, moshi umeinuka nyuma ya kilima, na watu arobaini wanataka kuongea kwenye ripita moja, ile redio ya mlimani inayorudia sauti zetu.

Nianze na mwindaji. Tarehe 25 Oktoba 2003, jioni, mtu mmoja aliyekwenda kuwinda katika Msitu wa Taifa wa Cleveland, mashariki ya hapa tulipo, alipotea njia. Amechoka, kiu imemshika, giza linaingia. Akawasha moto ili aonekane. Helikopta ya sherifu ikamfuata kweli, ikamtoa akiwa mzima. Moto ukabaki. Usiku ule upepo ukaushika, na kufikia asubuhi ulikuwa umeshapita vitongoji vya Lakeside unaingia Scripps Ranch, ndani ya jiji lenyewe. Watu 15 walikufa, wengi wao kabla hapajapambazuka vizuri. Nyumba zaidi ya 2,000 ziliteketea, na ardhi iliyoungua ilipita ekari 270,000. Huo ndio moto wa Cedar. Wapo kati yenu waliokuwa wameshahamia hapa wakati ule, wanakumbuka majivu juu ya magari.

Sikuileta habari hii kumsema yule bwana. Kila nikiifikiria naona kitu kimoja tu: moto mkubwa namna ile ulianza kama ujumbe. Mtu alitaka kusema "niko hapa", na hakuwa na chombo cha kusemea.

Nyinyi sasa chombo mnacho. Hiyo redio ya mkononi mliyonunua ina wati tano, pungufu ya taa ya ndani ya friji ya zamani. Tena mawimbi yake hayapindi kilima. Ukiwa bondeni, mwenzako aliye nyuma ya mlima kilomita tatu tu anaweza asikusikie kabisa. Ndiyo maana watu wakapandisha redio nyingine juu, Palomar, Otay na kwingineko, ikae huko peke yake, isikilize kwa frikwensi moja na kuyarudia yale yale kwa frikwensi nyingine, kwa nguvu. Hiyo ndiyo ripita. Kwenye bendi ya mita 2, yaani kundi la frikwensi linaloitwa hivyo, frikwensi hizo mbili huwa zimeachana kwa kilohezi 600, na redio yako inaruka yenyewe ukishaiseti. Palomar ni kule kwenye ile darubini kubwa, mita 1,700 na ushei juu ya bahari. Sisi tuliokulia tukiutazama Kilimanjaro tunasita kuuita mlima, lakini kwa kazi ya redio unatosha sana.

La kushika ni kwamba ripita ina sikio moja. Wakiongea wawili kwa pamoja, haiwagawii nusu kwa nusu. Mwenye nguvu anapita, mnyonge anafutika. Na nani amenunua ripita, nani anabadilisha betri zake, nani anapanda kule na nyundo antena ikianguka? Watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu. Hakuna anayelipwa hata senti. Ukiingia pale ni kama umekaribishwa kwenye baraza ya mtu.

Mimi kabla ya kuja huku nilikuwa dereva wa watalii, Arusha. Miaka tisa Serengeti na Ngorongoro, redio koli iko kwenye dashibodi, mdomo haufungwi. Tulikuwa na mafumbo yetu. Simba hatumtaji kwa jina, tunamwita masharubu. Chui ni madoadoa. Tulifanya hivyo ili mgeni aliyekaa nyuma asijue tunamkimbilia nani, maana akijua halafu tukamkosa, bakshishi imekwenda na maji. Nilipopata leseni hapa nikajiona nimerudi nyumbani. Redio ni redio. Kumbe karibu kila tabia niliyoitoa mbugani ilikuwa ya kuacha mlangoni. Mafumbo hayaruhusiwi, kanuni za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, zile za Sehemu ya 97, zinakataza ujumbe uliofichwa maana. Biashara nayo hairuhusiwi. Lakini tabia mbaya kuliko zote ilikuwa ya kupokezana maneno bila kupumua, mwenzako anamalizia neno la mwisho, wewe umeshaanza la kwanza.

Iliniumbua tarehe 7 Desemba 2017. Nilikuwa na leseni ya miezi minane. Naendesha lori la kusambaza mizigo, ndani nimefunga redio ya gari ya wati 50, najiona mkubwa. Saa tano na robo hivi asubuhi moto ukalipuka karibu na pale barabara kuu ya 15 inapokutana na ile ya 76, kaskazini ya kaunti. Ndio moto wa Lilac. Ekari 4,100, mtoto mdogo mbele ya Cedar, lakini ulikimbia na upepo mpaka kwenye kituo cha mazoezi ya farasi wa mbio pale Bonsall. Watu wakafungua mabanda, farasi wakatimka wenyewe ndani ya moshi. Farasi 46 walikufa. Mamia wengine walipelekwa kwenye viwanja vya maonyesho vya Del Mar, kwa matrela ya kila namna.

Nina rafiki, Mkenya wa Eldoret, alikuwa akifanya kazi ya kutunza farasi upande huo. Nampigia simu, haipatikani. Nikageukia ripita. Pale palikuwa na neti. Neti ni kikao cha hewani. Kina mwenyekiti mmoja, msimamizi wa neti, na hakuna anayesema lolote bila kumpitia yeye. Mimi sikusikiliza hata dakika moja. Nikabonyeza. Nikajitambulisha, nikawasalimu wote, nikaeleza rafiki yangu ni nani, ametoka wapi, anafanya kazi gani, nikauliza kama barabara ya 76 imefungwa, nikaomba kama kuna mtu yuko karibu amtupie jicho. Bwana mmoja akanijibu bila kupitia kwa msimamizi. Nikamdaka hapo hapo kumshukuru. Naye akanidaka. Tukaenda hivyo kama mbugani, dakika mbili na nusu.

Msimamizi akanitoa kwa sentensi moja, ya upole, nakiri. Pakawa kimya. Ndani ya kimya kile ikatoka sauti ya mzee, hafifu, imejaa mikwaruzo. Yuko Bonsall, ana redio ya mkononi kama hizo zenu. Jirani yake ni mama anayepumua kwa mashine ya oksijeni. Umeme umekatika, na gari mama hana. Msimamizi akaandika anwani, akaifikisha panapohusika. Yule mama alitolewa salama. Hadithi yangu haina msiba, namshukuru Mungu. Rafiki yangu naye alikuwa kwake amelala, siku yake ya mapumziko, simu imeisha chaji.

Baada ya wiki moja msimamizi aliniita kwake kunywa kahawa. Huwa anarekodi neti zake. Akanichezea. Nikasikia sauti yangu, imetulia, inasimulia. Na chini ya sauti yangu kuna kitu kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa: kinalia, kinakatika, kinalia tena. Akaniuliza, "Hicho unakisikia?" Ni yule mzee. Wati tano chini ya wati hamsini. Alibonyeza mara sita wakati mimi naeleza Eldoret iko wapi.

Kwa hiyo mengine yote mkiyasahau, hili lisahauni la mwisho: acheni nafasi. Mwenzako akiachia kitufe, hesabu moja, mbili, ndipo ubonyeze wewe. Ripita nyingi hutoa mlio mdogo, bip, mtu anapoachia. Ule mlio unakwambia mlango bado uko wazi, ngoja uone kama kuna mtu nje. Ripita pia ina saa yake, wengi huiweka dakika tatu. Ukiongea mfululizo bila kuachia inajizima, na ikijizima imemzimia kila mtu, siyo wewe peke yako. Dakika tatu zinaonekana ndefu. Mwulizeni mjomba yeyote aliyeshika maikrofoni ya harusi.

Mwenye jambo la haraka huingia katika nafasi hiyo kwa neno moja. Wenyeji wanasema "break", na katika sikio la dereva ni breki ile ile ya gari. Ukisikia breki, hata kama sentensi yako ilikuwa inaelekea patamu, achia. Na kama huna la breki usitamke breki. Kuna watu wakishajua neno hili hufungua njia, watalitumia kuuliza betri zinauzwa wapi.

Sasa kubonyeza kwenyewe. Redio yako inatuma pamoja na sauti toni fulani ya chini ambayo hatuisikii, ndiyo ufunguo wa ripita. Ripita inataka kitambo kidogo kuutambua ufunguo na kuamka. Ukibonyeza na kusema papo hapo, silabi ya kwanza inaliwa. Wazungu wanafundishana jambo hili kama usafi tu wa kazi. Kwetu sisi ni kubwa zaidi, na sijaona mtu akilisema, kwa hiyo nalisema mimi: Kiswahili kinaweka kukataa mlangoni kabisa mwa neno. "Haturudi" ikiliwa silabi ya kwanza inabaki nini? "Turudi." "Msipite njia ya juu" ikiliwa kichwa inabaki "pite njia ya juu". Mtu yuko kwenye gari limejaa watoto, injini inanguruma, anasubiri jibu lako. Bonyeza, vuta pumzi, kisha sema. Na jambo la kukataza usilitundike kwenye silabi moja. Lipe mwili: "Hapana. Njia ya juu imefungwa. Narudia, imefungwa."

Najua swali linalokuja, maana darasani mliliuliza mara tatu. Ndiyo, Kiswahili kinaruhusiwa hewani. Lugha ya watu si fumbo. Ila alama yako ya mwito, zile herufi na namba za leseni yako, lazima uitaje kwa Kiingereza, angalau kila dakika kumi na unapomaliza. Hiyo ni sheria. Lakini ndani ya neti ya moto sheria pekee haitoshi. Msimamizi asipokuelewa hawezi kukupanga, na wale thelathini wengine hawajui kama umeomba msaada au umeaga. Tumia Kiingereza ulichonacho. Hakuna anayesahihisha sarufi siku ya moto. Ikikulazimu kusema Kiswahili na mwenzako, mwombe msimamizi mhamie frikwensi nyingine, mmalize, halafu mmoja wenu arudi kutoa muhtasari kwa sentensi mbili.

Na hapo ndipo ninapowaona nyinyi mna kazi ambayo wenyeji hawawezi kuifanya. Mwaka 2007 moto wa Witch na wenzake uliwahamisha watu zaidi ya nusu milioni katika kaunti hii. Uwanja wa mpira wa Qualcomm ukageuka makazi. Kundi kubwa namna hiyo halikosi bibi asiyejua ila Kizigua na Kiswahili, amekaa kwenye kitanda cha turubai na mfuko wa dawa, anatikisa kichwa kwa kila anachoulizwa. Siku hiyo mtu akitangaza kwenye neti kwamba yupo tayari kutafsiri, ametoa kitu kikubwa kuliko wati 50.

Sasa shikamoo. Mzee aliyekaa hapa mbele aliniuliza wiki iliyopita: "Nikimsikia mkwe wangu hewani, nimkaushe?" Mkaushe, mzee wangu. Mwite kwa alama yake, sema lako, achia. Kijana wa miaka kumi na tisa akikaa kiti cha usimamizi akakwambia "subiri", subiri, hata kama ulimbeba mgongoni. Yeye ana daftari mbele yake, ana majina ishirini na masikio mawili, hana nafasi ya kupima heshima ya kila mmoja. Hizo shikamoo tunaziweka akiba. Moto ukizimika tutapika pilau, tutalipana zote, na riba yake.

Utasema nini ukiruhusiwa? Wewe ni nani, uko wapi, unaona nini, unahitaji nini. Iandike kwanza kwenye karatasi, hata nyuma ya risiti. Nimeona watu wazima, walimu, wakibonyeza kitufe na kusahau jina la mtaa wao. Na "wapi" isiwe "hapa kwetu" wala "pale penye duka la matairi". Taja barabara na njia panda. "Naona moto" nayo haitoshi. Unaona miali au moshi? Ukiona moshi sema moshi: "Naona moshi, sioni miali, kaskazini ya barabara ya 76, unakwenda magharibi." Sentensi hiyo inafaa kitu.

Tenga pia ulichokiona na ulichoambiwa. Oktoba 2020 Kilimanjaro ulipowaka, kule kwenye njia ya Mandara kwenda Horombo, mamia ya watu walipanda kuuzima, na picha za mlima unang'aa usiku zilinifikia hapa kabla sijaamka. Kwenye kundi letu la familia, kufikia saa nne asubuhi, tulikuwa na mioto mitatu tofauti, mmoja umekwisha, mmoja umefika mjini, mmoja umewashwa na watu wanaojulikana. Wote waliotuma walikuwa waungwana. Kila mmoja aliambiwa na mtu anayemwamini. Kwenye redio uvumi huo hauishii kwa shangazi, unamgeuza mtu barabarani. "Nimeambiwa" ni neno la heshima hewani. "Sijui" ni la heshima zaidi.

Usitaje jina la majeruhi, wala la aliyefariki. Mji mzima una skana, redio za kusikiliza tu, na wengine wanasikiliza ripita zetu kupitia intaneti. Mke wa mtu asilipate jina la mumewe kutoka kwako.

Na kama huna la kusema, usibonyeze kutuarifu kwamba huna la kusema. Msicheke. Kila neti ina watu watatu wa namna hiyo.

Simu ikifanya kazi, piga 911, namba ya dharura. Redio hii si mlango wa kwanza. Tupo kwa ajili ya saa ambazo mlango wa kwanza umefungwa, na saa hizo zimeshakuja mara nyingi California. Mioto ya Oktoba 2017 kule kaskazini iliharibu minara 77 ya simu. Moto wa Camp, Novemba 2018, ulioumaliza mji wa Paradise na kuua watu 85, ulizima minara 17 siku ya kwanza tu. Oktoba 2019 umeme ulizimwa makusudi kwa kuogopa upepo, na katika kaunti ya Marin zaidi ya nusu ya minara ikanyamaza, haikuguswa na hata cheche. Betri zake ziliisha, basi. Kwa hiyo betri zenu wenyewe ziangalieni leo, siyo siku hiyo. Na mkiwa mnafika kwa wati moja, tumieni wati moja.

Usijitume. Hili nawaambia wenye malori, nikiwemo mimi. Unasikia kwenye neti mtu anahitaji gari, moyo unachemka, unawasha injini. Umeongeza gari kwenye barabara ambayo zimamoto wanaihitaji, na hakuna anayejua uko wapi. Jitolee kwa msimamizi, subiri uambiwe. Frikwensi za zimamoto sikiliza ukitaka, usibonyeze. Ipo kanuni katika Sehemu ya 97 inayosema hakuna kitakachokuzuia kutumia njia yoyote uliyo nayo uhai ukiwa hatarini papo hapo na mawasiliano ya kawaida hayapo. Ni kanuni nzuri. Nimekutana na watu wanaotembea nayo mfukoni kama kibali cha kila kitu. Isomeni mpaka mwisho.

Kuna wapumbavu pia. Watapiga miluzi, watabonyeza juu ya watu, watacheza muziki. Usimjibu, usimtukane, usimtaje kabisa. Anakula maneno yako. Mnyime.

Ripita ikifa je? Milima nayo huungua. Januari 2025 moto wa Eaton, Los Angeles, ulipanda kuelekea Mlima Wilson, ambao kilele chake kimeota antena za televisheni na redio kama mwiba. Mwezi huo huo, kwetu hapa kusini, moto wa Border 2 ukawaka Mlima Otay. Ukibonyeza na usisikie ile bip wala ule mkia wa mlio unaobaki ukiachia, usiijaribu mara ishirini. Hamia simpleksi, redio kwa redio bila ripita, kwenye frikwensi mliyokubaliana kabla na kuiandika kwenye kadi. Ile ya megahezi 146.52 inajulikana nchi nzima kuwa ya kuitana. Itaneni pale, kisha mwende kwenu. Hata ripita ikiwa nzima, mkigundua wewe na mwenzako mnasikiana moja kwa moja, ondokeni, muwaachie walio mabondeni.

Kuna ujanja mmoja alinifundisha yule msimamizi wa kahawa, nami naupenda kuliko yote. Redio zenu nyingi zina kitufe cha kugeuza, unasikiliza kwenye frikwensi ambayo ripita yenyewe inasikilizia. Ukigeuza, mtu dhaifu aliye mtaa wa pili, ambaye mlima haumsikii kabisa, wewe utamsikia vizuri. Hapo unaweza kumbebea ujumbe wake. Ukimsikia mtu anaita na hajibiwi, geuza. Yule mzee wa Bonsall alisema mara mbili baada yangu kabla hajasikika sawasawa, na nilikuwa kilomita nne kutoka kwake.

Ukitoka kwenye neti, aga. Sentensi moja. Ukiondoka kimya utaitwa mara nne, na kila mara ni nafasi ya mtu, na mwishoni wataanza kudhani umeungua wakati uko jikoni.

Basi, maneno yatosha. Mezani kuna redio kumi na mbili, zimewekwa nguvu ya chini kabisa, kwenye frikwensi ya simpleksi niliyoiandika ubaoni. Nusu yenu bakini humu, nusu tokeni kwenye maegesho. Msimamizi ni mimi. Moto uko kwenye kile kilima nyuma ya shule, upepo unakuja huku, nitawaita mmoja mmoja mniambie mnachokiona. Kuna mtu mmoja, simtaji, nimempa redio na ujumbe wa haraka, nimemwambia akasimame nyuma ya duka la kufulia nguo, mahali ishara ni mbovu. Hatashindana na nyinyi. Ataingia tu mtakapomwachia nafasi. Kundi lililopita, alisubiri dakika kumi na moja, akarudi humu ndani kwa miguu kuuliza kama redio yake ni nzima.